Boila ya Nyegezi na sensa iliyozoea theluji

Swali: "Shikamoo mzee. Ninasimamia hoteli ya vyumba 26 huku Nyegezi, Mwanza. Mwenye hoteli alinunua boila ya dizeli iliyotumika kutoka Ujerumani. Ilikuja na kisanduku chake cha kuiongoza na sensa ndogo nyeupe ya kufunga ukutani nje. Tangi la maji moto ni la lita 1,000, tulilichomelea hapa hapa mjini na kulipaka rangi ya fedha. Kutoka chumba cha boila bomba la inchi moja linapanda ghorofani na kurudi, kama mita 60 hivi, na pampu yake haizimwi. Wageni huwa kama 40 kwa siku, nguo tunapeleka nje kufuliwa. Tulikuwa tunachoma lita 15 au 16 za dizeli kwa siku. Fundi akashauri tuifunge ile sensa ya nje, boila ijipunguze siku za jua na kujiongeza siku za baridi. Kweli dizeli imeshuka hadi lita 6. Lakini wageni wa saa mbili asubuhi na wa jioni wanalalamika maji ni vuguvugu, wakati alfajiri ya mvua yanatoka moto safi. Fundi anasema tuupandishe kidogo ule mstari wa joto kwenye kisanduku. Tuupandishe kiasi gani?"

Marahaba, mwanangu. Msiupandishe hata kidogo. Mwambie fundi aiondoe ile sensa kwenye uamuzi wa joto la tangi, maana ilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa. Na hizo lita 9 au 10 mnazodhani mmeziokoa zimetokana na tangi kuachwa lipoe, ndiyo maana wageni wenu hawapati maji moto. Dizeli hiyo inaweza kuokolewa kweli, na wageni wakaoga vizuri, ila imejificha pengine. Nitafika huko kwa hesabu. Kwanza tuielewe sensa. (Sensa ya mafundi, kifaa cha kupima joto, si ile ya kuhesabu watu.)

Kule boila yako ilikotoka, kazi yake kubwa haikuwa kuogesha watu. Ilikuwa kupasha nyumba. Maji moto huzunguka kwenye mabati yaliyofungwa ukutani chini ya madirisha, mfano wa rejeta ya gari, na mabati hayo ndiyo yanayotia joto chumbani. Sasa nyumba hupoteza joto kwa kadiri ya tofauti kati ya ndani na nje. Ndani wanataka nyuzi 20. Nje pakiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, tofauti ni nyuzi 30. Nje pakiwa nyuzi 5 juu ya sifuri, tofauti ni 15, yaani nyumba inahitaji nusu tu ya joto lile. Kama siku ya kwanza maji yalipelekwa kwenye mabati yakiwa na nyuzi 70, siku ya pili yanatosha kupelekwa yakiwa karibu 50. Huo ndio mstari wa joto anaousema fundi wako: kisanduku kinasoma joto la nje, kinatafuta kwenye mstari, kinaiamuru boila ipashe hadi hapo na isizidi. Ni ubunifu mzuri. Kwa nyumba ya Hamburg unaokoa mafuta mengi, na chumba hakiwi tanuru siku ambayo baridi imelegea.

Mstari huo una mwisho. Nje pakifika nyuzi 18 au 20 hivi, kisanduku husema: kumekucha, kiangazi kimefika, hakuna nyumba ya kupasha. Kinazima mkondo wote wa kupasha nyumba, pampu inasimama, boila inalala mpaka baridi irudi.

Mwanza nyuzi 20 ni nini? Ni alfajiri. Mchana wetu unacheza kwenye nyuzi 27 mpaka 29 karibu mwaka mzima, na usiku wa kipupwe, Juni hadi Agosti, unashuka hadi kati ya 15 na 18. Kwa kisanduku chako, Nyegezi ni kiangazi cha kudumu chenye baridi kidogo saa kumi na moja alfajiri na siku mvua inapoamkia kunyesha. Ndiyo maana saa hizo tu maji yanatoka moto. Boila nyingi za dizeli za namna hiyo zina kikomo cha chini cha joto zisichokivuka zikiwaka, kwa kawaida nyuzi hamsini na kitu au 60, kwa hiyo ikiamka inapasha vizuri. Jua likichomoza inalala tena, tangi linapoa, na mgeni wa saa mbili anaoga yaliyobaki.

Kwa hiyo mstari mkiupandisha hakuna kitakachobadilika. Huko juu umezuiwa na swichi ya kiangazi, huku chini umezuiwa na kikomo cha boila, na hali ya hewa yetu yote imebanwa katikati ya hivyo viwili. Fundi wako si mjinga. Amesoma kitabu cha boila sawasawa, ila kitabu chenyewe hakikuandikwa kwa ajili ya Nyegezi. Hata ule ushauri wa kufunga sensa kwenye ukuta wa kaskazini ili isipigwe na jua ni wa Ulaya. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini, miezi inayobaki linapita kusini. Hakuna ukuta wa Mwanza unaokaa kivulini mwaka mzima, labda uwe chini ya mwamba.

Kilichotokea, nadhani, ni kwamba tangi lenu limeunganishwa kwenye mkondo wa kupasha nyumba. Fungueni kisanduku. Karibu kila kisanduku cha aina hiyo kina sehemu mbili za nyaya: moja ya pampu ya mabati ya ukutani, nyingine ya pampu ya tangi la maji ya kuoga, na hiyo ya pili ina sensa yake inayoingia kwenye kijibomba kilichochomelewa tumboni mwa tangi. Hamishieni pampu ya tangi huko. Kama tangi lenu halikuchomelewa kijibomba cha sensa, tangi limwagwe, kichomelewe sasa, theluthi moja hivi kutoka chini. Kisha tangi lipangiwe nyuzi 60, boila iwake joto likishuka hadi 55, na maji ya boila yenyewe yaende 70 hadi 75 ili yaweze kusukuma joto kwenye koili, lile bomba lililojikunja ndani ya tangi. Mkondo wa kupasha nyumba uzimwe moja kwa moja. Sensa ya nje msiikate ovyo. Visanduku vingine vikiikosa hudhani nje kuna baridi kali, vingine huwasha taa nyekundu na kugoma. Ibaki ukutani kama kipimajoto tu.

Utaniuliza: kwa nini 60, wakati mtu anaoga kwa 40? Na siku ya jua kwa nini tusishushe hadi 45?

Sababu ya kwanza ni bakteria wa Legionella. Jina lake limetokana na mkutano wa askari wastaafu wa Marekani hotelini Philadelphia mwaka 1976. Wengi waliugua homa kali ya mapafu, zaidi ya watu 25 wakafa, na mwaka uliofuata ndipo bakteria alipotambuliwa. Kule lawama iliangukia mitambo ya kupoza hewa, lakini baadaye ilionekana kwamba matangi na mabomba ya maji moto nayo ni makazi yake. Haambukizi kwa kunywa. Anaingia kwa mvuke na matone madogo, yaani bombamvua lenyewe. Hustawi kati ya nyuzi 25 na 45. Kwenye 50 anakufa polepole, kwa saa. Kwenye 60 wengi wanakufa kwa dakika chache. Sasa angalia hali yetu: maji ya ziwa yana nyuzi 24 au 25 kabla hujayafanya lolote, na simtanki jeusi juu ya bati saa tisa alasiri limeshayapandisha zaidi. Mzungu akiacha maji yake baridi, ni baridi kweli. Sisi maji yetu "baridi" tayari yamekaa mlangoni pa huyo mdudu. Tangi la nyuzi 45 lingekuwa shamba lake.

Nyuzi 60 zinaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto haraka zaidi. Kwa hiyo bombani msipeleke 60 moja kwa moja vyumbani bila kuwa na vali ya kuchanganya karibu na mabafu, iliyowekwa nyuzi 42 hivi. Hii si anasa. Kama bajeti inabana, muanze na vyumba vya familia.

Sababu ya pili ndiyo hasa ninayotaka uishike, maana hata mafundi wazuri huikosa: kushusha joto la tangi hakupunguzi joto analotumia mgeni. Mgeni anataka maji ya nyuzi 40, na atachanganya mwenyewe mpaka ayapate. Maji baridi yakiwa 25 na tangi likiwa 60, bomba lake linatoa asilimia 43 ya maji moto na zilizobaki baridi. Tangi likiwa 50, anafungua moto asilimia 60. Joto lililotoka kwenye dizeli ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba tangi linaisha mapema. Unachookoa kwa kushusha joto ni kile kinachovuja kwenye ukuta wa tangi na mabomba, basi. Na kama uvujaji ndio adui, kuna njia bora ya kumpiga.

Tupige hesabu ya hoteli yako. Wageni 40, kila mmoja lita 40 za maji ya kuoga, ni lita 1,600. Kuzitoa nyuzi 25 hadi 40 kunahitaji kama kilowati-saa 28. Lita moja ya dizeli, kwenye boila inayochoma vizuri, inakupa kama kilowati-saa 8.5 ndani ya maji. Kwa hiyo kuogesha hoteli nzima kunahitaji lita 3.3 kwa siku. Tatu na kidogo! Lakini mlikuwa mnachoma 15 au 16. Nyingine zilikwenda wapi?

Tangi lenu la lita 1,000 lina ngozi ya mita za mraba tano na nusu hivi. Chuma kitupu chenye nyuzi 60, ndani ya chumba cha nyuzi 25, kinatoa joto kama kilowati mbili, usiku na mchana, awe mgeni yumo au hayumo. Kwa saa 24 ni kilowati-saa 48, karibu lita 5.6 za dizeli. Bomba la inchi moja likiwa uchi linavuja karibu wati 39 kila mita. Mita 60 ni kilowati 2.3, na kwa kuwa pampu haizimwi, ni lita 6.6 kwa siku. Jumlisha: wageni 3.3, tangi 5.6, bomba 6.6. Lita 15 na nusu. Namba yako uliyoniandikia ndiyo hiyo hiyo, na wala sikukuchungulia kwenye stoo. Kila mgeni aliyeoga alikuwa anasindikizwa na wengine karibu wanne wasioonekana, wanaooga kwenye chumba cha boila na kwenye dari la ghorofani.

Nilipokuwa kijana wa zamu ya boila kwenye kiwanda kimoja Nyakato, msimamizi wetu alikuwa na mtihani mmoja tu kwa kila fundi mpya: anamkabidhi jiwe la barafu lililotoka kwenye mashine ya samaki na kumwambia aliweke juu ya bomba la mvuke. Likiyeyuka kabla fundi hajamaliza kujitambulisha jina, kazi yake ya kwanza ni kuvalisha bomba lile. Mimi nilivalisha mabomba wiki mbili.

Vivalisheni hivyo viwili, tangi na bomba. Pamba ya kioo, ile ya manjano inayowasha mikono, yenye unene wa sentimita tano, mkaizungushe tangi zima pamoja na juu yake, kisha bati jembamba au turubai kuilinda. Chini pia kama miguu inaruhusu. Uvujaji wa tangi unashuka kutoka kilowati mbili hadi wati 140 hivi, chini ya nusu lita ya dizeli kwa siku. Bomba likivalishwa sentimita mbili na nusu linabaki wati 9 kwa mita. Viungo na vali msiviache wazi kwa sababu ni vigumu kuvishona. Huko ndiko mafundi wavivu wanakotorokea. Pampu ya mzunguko isimame kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri, isimame hizo saa chache tu, siyo usiku kucha na nusu ya mchana, kwa sababu ile ile ya bakteria. Mkifanya hayo mtarudi kwenye lita 5 au 6 kwa siku, zile zile za sensa, tofauti ni kwamba mgeni wa saa mbili ataoga maji ya moto.

Na hali ya hewa? Nayo inachangia, lakini kidogo kuliko tunavyodhani. Maji ya bomba yakipoa kwa nyuzi mbili wakati wa kipupwe, dizeli ya kuogesha watu 40 inaongezeka kwa kiasi kisichofika nusu lita. Kinachopanda asubuhi ya baridi ni muda ambao mtu anasimama chini ya bombamvua. Hali ya hewa ya kwetu inabadilisha wingi wa maji moto, haibadilishi joto lake. Kwa wingi hamhitaji sensa ya ukutani. Tangi lililojaa nyuzi 60 kabla ya saa kumi na mbili asubuhi linatosha, na hesabu yetu inaonyesha wageni 40 wanakula kama lita 690 tu za maji ya 60 kati ya 1,000 mlizonazo.

Kuna mambo mawili ya boila yenyewe siwezi kuyaacha. Kuna fundi atakayekuja kuwaambia mwondoe kile kikomo cha chini ili boila ifanye kazi kwenye nyuzi 40 na kuokoa zaidi. Mkatalieni. Moshi wa dizeli una mvuke wa maji na salfa. Maji yanayorudi kwenye boila yakiwa baridi sana, moshi unatoka jasho kwenye kuta za ndani, na jasho hilo ni asidi. Boila ya chuma ya kawaida italiwa taratibu kutoka upande ambao hamwoni. Dalili ni masizi yenye unyevu na michirizi ya kutu chini ya bomba la moshi. Fungueni mlango wake mwangalie. Baada ya majuma ya kuwaka na kulala ovyo, sitashangaa mkiikuta.

La pili ni mwinuko. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko ya pwani. Mdomo wa moto wa boila, pale dizeli inapochomewa, uliopimiwa Hamburg, kwa kiasi kile kile cha dizeli, hapa unakosa hewa ya kutosha. Unatoa moto wa njano wenye masizi, na milimita moja ya masizi kwenye mabomba ya ndani inatosha kuyumbisha hesabu zangu za hapo juu. Fundi afungue zaidi mlango wa hewa au abadilishe pua inayonyunyizia dizeli iwe ndogo, apime kwa kifaa cha moshi, asikadirie kwa jicho. Na ajue kuwa maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kama mfumo wenu ni wa wazi, wenye tangi dogo la kupanulia juu, kikomo cha usalama kilichoachwa karibu na 100 si kikomo tena. Wakishusha wakaweka 85, inatosha. Na kabla ya yote hayo waulizeni OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kuhusu ukaguzi wa boila na lile tangi mlilochomelea, hasa kama mfumo umefungwa na una presha.

Sasa, kama mwenye hoteli bado anatamani boila inayosikiliza anga, kuna njia moja ninayoikubali, nayo ni jua. Paneli za kupasha maji zenye mita za mraba 12 juu ya paa la Nyegezi, siku ya jua zuri, zinaweza kuleta kilowati-saa 30, zaidi ya wanazotumia wageni wote kuoga. Ziwe na tangi lao la kwanza, maji yapite humo kisha yaingie kwenye tangi la boila. Yasiruke tangi la boila hata siku moja, maana ya jua yanaweza kutoka na nyuzi 40 na mdudu wake. Hapo muda ndio unaotawala: asubuhi wageni wakishaoga, boila isikimbilie kujaza. Inyamaze, jua lifanye kazi yake hadi saa kumi jioni, ndipo iwake kumalizia kilichopungua. Siku ya mawingu itamalizia kingi, siku ya jua itamalizia kidogo au haitawaka kabisa, na hakuna aliyehitaji kuiambia nje kukoje.

Ila hilo ni la bajeti ya mwakani. Kesho mnunue pamba ya kioo, muanze na bomba la mita 60, halafu tangi. Andikeni lita za dizeli kila asubuhi saa moja, kabla na baada, kwa wiki mbili mbili, kisha uniandikie namba hizo.